Siku Pawatila Ilipopanda Kwenye Miwati ya Bibi

Njombe kuna baridi. Msafiri anayepita tu kuelekea Songea huenda akakumbuka ukungu wa asubuhi na akina mama wanaouza viazi kando ya barabara, lakini sisi tuliolelewa huko tunaukumbuka moto. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Nyumbani kwetu, upande wa Uwemba, jikoni ndiko tulikopikia, tulikosomea na tulikokaribishia wageni. Kuni zilihitajika kila siku, na aliyezibeba kila siku ni mama.

Miti yenyewe haikuwa haba. Tangu kampuni ya wati ilipoanza kupanda Njombe mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya magome ya kutengenezea tanini, inayotumika kusindika ngozi, wakulima wengi nao walipanda miwati yao. Bibi yangu alikuwa na kipande chake mgongoni mwa kilima, ng'ambo ya kijito. Mti ukikomaa unaangushwa wakati wa mvua, kwa sababu hapo gome linavulika lenyewe. Kiangazi linang'ang'ania shina hata ukitumia panga. Magome yanakwenda kuuzwa, shina linabaki kwa mwenye shamba. Kwa hiyo kila mwaka bibi alikuwa na magogo meupe yaliyovuliwa, yamelala kule juu yakisubiri mtu wa kuyashusha.

Mtu huyo alikuwa mama na kata yake kichwani. Mzigo wa kuni anaobeba mwanamke si chini ya kilo 20, mara nyingi unafika 30, na njia ya kwetu ilikuwa ya kushuka hadi kijitoni kisha kupanda tena. Shingo ilimuuma miaka yote niliyomfahamu. Lakini kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi wanapozungumzia mzigo huo, nami nililielewa siku hii ninayoisimulia. Anayebeba kuni kichwani hana namna ya kuweka akiba. Za leo zinaisha leo. Mvua za Novemba zikianza, magogo kule kilimani yanalowa, nawe unaendelea kuyafuata hivyo hivyo, unayachoma yakiwa mabichi. Moto unafuka, macho yanatiririka, mama anakohoa hadi Mei.

Oktoba 2011 nilikuwa nyumbani, nimemaliza chuo cha ualimu na kusubiri ajira. Jioni moja mjomba alikuja akasema kikundi chao kimemruhusu kuchukua pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili, kesho yake. Mashine hizo zilikuwa zimeanza kuonekana wilayani baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa taifa wa kuinua kilimo, kutangazwa mwaka 2009, na kikundi chake kilikuwa na moja ya kulimia mabonde ya viazi. Majembe yalikuwa yamefunguliwa, ikafungwa tela nyuma.

Alfajiri tulimsikia kabla hatujamwona.

"Kamwene, mama," alimsalimu bibi.

"Kamwene, mwanangu. Hiyo itapita wapi?"

"Itapita ng'ombe wanapopita."

Ilipita kweli. Kule juu tulikuwa tumetangulia mimi, mdogo wangu na kijana wa jirani mwenye chenso, aliyekata magogo vipande vya urefu wa kutoka kiwikoni hadi ncha ya vidole, kipimo alichokitoa bibi mwenyewe kwa sababu ndicho kinachoingia vizuri katikati ya mafiga. Sisi tukapakia. Vipande vinene tukaviweka chini, juu ya ekseli, vyembamba juu, na hakuna kilichoruhusiwa kuzidi ubao wa pembeni. Nusu tani hivi kwa safari. Nilipofikiri kwamba tela moja ni mizigo ya wanawake kama ishirini, niliangalia upande wa mama. Alikuwa anaokota matawi na kuyafunga kwa kamba, kama siku zote.

"Mama, leo weka kamba chini," nilimwambia.

"Haya hayatatosha kuwashia?"

"Yapakie humu humu."

Aliyapakia, lakini kata aliendelea kuishika mkononi mpaka saa nne.

Kuwasha pawatila ni kazi inayotaka utaratibu. Mjomba alikuwa anabana kikono cha valvu kwa mkono wa kushoto, anaingiza hendeli kwa mkono wa kulia, anazungusha polepole kwanza, kisha kwa kasi, halafu anaachia kile kikono. Silinda moja ile ya dizeli inakohoa, inatoa moshi mweusi, inashika. Baada ya hapo unasikia kila mlio wake tumboni.

Kushuka na mzigo ndiko kulikonifundisha heshima. Pawatila haina usukani. Ina mikono miwili mirefu, na kila mkono una klachi yake ndogo: ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu ya injini, la kulia linaendelea kusukuma, mashine inakata kushoto. Hiyo ni tambarare. Kwenye mteremko mkali, tela likiwa linasukuma kutoka nyuma, mambo yanageuka. Injini sasa ndiyo inayoyazuia magurudumu. Ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa huru, linakimbia kuliko la kulia, na mashine inakwenda kulia, upande usioutaka. Watu wamepindukia korongoni kwa sababu hiyo.

Mjomba alinieleza hayo nikiwa nimesimama karibu naye juu ya mteremko, injini ikinguruma, akinionyesha kwa vidole. "Hapa vidole havigusi klachi kabisa," alisema. "Giya ya kwanza tangu juu, mafuta kidogo, mguu kwenye breki ya tela, na unageuza kwa kusukuma mikono hii kwa mwili wako." Kisha akatuamuru wote tutembee nyuma ya tela, asiwepo hata mmoja mbele wala pembeni. Akashuka. Niliona mabega yake yakifanya kazi, na vidole vyake vyote kumi vimefumbata mpira wa mikono, mbali na klachi. Kwenye kona ya mwamba tela lilimsukuma kidogo, akaegemea kwa kiuno, mashine ikatii. Kijito kilikuwa chembamba kwa kiangazi. Magurudumu yalizama hadi katikati, yakatoka na tope jekundu, yakapanda upande wa nyumbani.

Nyumbani bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya banda. Banda lilikuwa jipya: nguzo za mwati, bati kuukuu juu, na pande zote wazi. Mdogo wangu alipoanza kushusha kwa kurundika, bibi alimzuia kwa fimbo. Kuni, alisema, zinakaushwa na upepo kuliko jua, na rundo halina njia ya upepo. Alitufanya tupange mawe ardhini, tulaze fito mbili juu yake ili kuni zisiguse udongo, kisha tuanze kupanga. Kila mwisho wa mstari tulijenga nguzo kwa kupishanisha vipande, safu hii hivi na ile hivi, ili mstari ujishikilie bila kuegemea nguzo za banda. Vinene vyote vikapasuliwa kwanza kwa shoka, maana kipande kizima hutunza maji moyoni mwake miezi mingi. Kati ya mstari na mstari tuliacha nafasi ya mkono kupita.

Mjomba alikwenda na kurudi mpaka jua likakaribia kuzama. Mama alipika kande, tukala tumesimama. Mwishoni, mistari ilifika kifuani mwangu, na kilima upande wa pili kilikuwa kimebaki na visiki tu. Mama alizunguka banda lote, akatia mkono katikati ya mistari, akauliza, "Hizi zote ni zetu?" Hakuna aliyecheka. Mjomba akamjibu, "Zako, dada." Mama akakaa juu ya ubao wa tela, akavua viatu, akanyoosha miguu mbele yetu sote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana.

Mvua zilikuja, tukaendelea kutumia mabaki ya zamani. Bibi alikataza mtu kugusa banda kabla ya baridi. Alipoona ncha za kuni zimepasuka nyufa, alichukua vipande viwili akavigonganisha masikioni mwake. Vilitoa mlio mkavu, mwembamba, akasema sasa. Ilikuwa Juni. Mama aliwasha kwa magunzi machache na moto ukashika bila kupulizwa. Tuliona kuta za jikoni letu vizuri, sufuria zilivyopangwa, nyuso zetu. Kikohozi cha mama kilipungua msimu ule. Sitasema kilikwisha, kwa sababu hakikwisha, ila usiku alilala.

Majirani walipokuja kuota moto waliuliza, kisha wakaanza kumtafuta mjomba. Kufika Septemba wanawake wa upande wetu walikuwa wanachangishana fedha za dizeli, na kikundi kikakubali kuitoa pawatila kwa zamu kabla ya kilimo kuanza. Orodha ya zamu aliipanga bibi: nyumba yenye mgonjwa kwanza, kisha yenye mtoto mchanga, kisha wajane wa kule juu. Yetu aliiweka ya mwisho, kwa kuwa bandani kulikuwa bado na mistari ambayo haijaguswa.