Siku moja maishani mwangu: moto niliouwasha kwa treni isiyotoka

Saa 10 alfajiri. Banda la injini lina giza na harufu ya masizi yaliyochanganyika na oili nzito. Jana jioni tuliacha moto mdogo wa kuni ndani ya tanuri, kwa hiyo nikiweka kiganja kwenye boila nakuta vuguvugu. Injini ya mvuke haiamshwi kwa pupa. Mabamba na mirija yake hutanuka yakipata joto, tena hayatanuki kwa kasi moja. Ukikoka moto mkubwa kwenye chuma baridi, maungio yanaanza kuvuja na kazi ya miezi inaharibika asubuhi moja.

Kabla ya beleshi la kwanza la makaa ya mawe, natazama vioo vya kuonyesha maji. Viko viwili, kwa sababu kimoja kinaweza kukudanganya. Maji yakishuka hadi kuacha paa la tanuri wazi, bamba hilo hulainika na boila inaweza kupasuka. Ndiyo maana kwenye paa hufungwa plagi yenye kiini cha risasi: madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na mvuke unaomwagikia motoni ndio onyo lenyewe. Ni risasi ya madini, si ya bunduki, ingawa ikitoka hapo wote mtakimbia vilevile.

Naandika kwenye daftari: maji, sawa, plagi, sawa, sahihi yangu. Kila kitu hapa kina mstari wake na sahihi yake.

Nina sababu ya kuwahi hivi. Leo ni mara yangu ya kwanza kuchochea moto treni ikiwa na abiria. Miaka miwili nimekuwa mtu wa matambara na majivu.

Saa 12 asubuhi. Wenzangu wanaingia mmoja mmoja. Kuna nesi aliyetoka zamu ya usiku, mwanafunzi wa ufundi, dereva wa lori, na mimi ambaye siku tano za wiki ni karani. Sisi ni chama cha kujitolea cha reli ya mvuke. Hatulipwi, na mali yote ni ya wanachama: tunachanga, tunapiga kura, tunagombana kuhusu rangi ya mabehewa (nusu ya vikao vyetu ni rangi ya mabehewa).

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeamkaje na mgonjwa wako?"

Huyo ni fundi wetu mkuu, mstaafu wa reli. Anaizunguka treni na nyundo yake ndogo akigonga gurudumu baada ya gurudumu. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa mlio mfu, huenda kuna ufa au kitu kimelegea. Leo yote yanalia vizuri. Mimi nashika kopo la oili na kupita kwenye kila fito na kila beringi, huku mwanafunzi akikagua njia kwa miguu: nati, mataruma, kokoto.

Saa 2. Mgandamizo umepanda vya kutosha, ni wakati wa kujaribu injekta. Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Mfaransa Henri Giffard alikisajili mwaka 1858, miaka sita baada ya kuruka na puto lake linalosukumwa kwa mvuke. Kazi yake inaonekana kama uchawi: mvuke wa boila unasukuma maji kuingia katika boila ileile yenye mgandamizo uleule. Siri iko kwenye koni za ndani. Mvuke unapita kwa kasi kubwa, unakutana na maji baridi, unageuka maji, na msukumo wake unabaki kwenye ule mkondo mwembamba unaofungua valvu na kupenya. Hakuna pistoni wala gurudumu.

Injekta ya kulia inashika mara moja, inaimba. Ya kushoto inakohoa na kumwaga maji chini.

Narudia. Inakohoa. Namwagia mwili wake maji baridi, maana injekta ikipata joto kupita kiasi hugoma. Inakohoa tena. Mzee amesimama nyuma yangu muda wote bila kusema neno.

"Haitoki," anasema hatimaye.

Kanuni naijua: lazima kuwe na njia mbili za kuingiza maji kwenye boila, na zote zifanye kazi. Ukiwa na moja tu nayo ikagoma katikati ya safari, una tanuri linalowaka na maji yanayopungua, huku nyuma yako kuna watoto waliokwenda kusikia honi. Najua. Lakini kifua kilinibana.

Saa 4. Injini ya dizeli inavuta mabehewa badala yetu. Wageni wengine wananuna, na baba mmoja anataka arudishiwe nauli, anarudishiwa. Wengi wanakuja kuitazama injini ya mvuke ikiwa imesimama. Bibi mmoja ananiuliza nani anatulipa. Namwambia hakuna, na kwamba mtindo huu ulianza na reli ya Talyllyn kule Wales, iliyookolewa na watu wa kujitolea mwaka 1951. "Kwa hiyo mnajitesa wenyewe," anasema, na kuendelea kupiga picha.

Mchana unapita hivyo. Moto nauacha ufifie, boila naijaza kwa injekta ya kulia.

Saa 10 jioni. Tunafunga valvu za injekta ya kushoto na kuifungua. Koni ya ndani ina ukoko mweupe mgumu, kama ule wa ndani ya birika, umeziba karibu nusu ya tundu. Tunailoweka kwenye asidi hafifu. Mzee anaomba daftari, anarudi nyuma kurasa kadhaa, kisha ananisogezea bila kuninyooshea kidole.

Ukaguzi wa mwisho wa injekta ya kushoto: koni zimetolewa, zimesafishwa, sawa. Mwandiko ni wangu. Siku ile mvua ilikuwa ikinyesha na wote walishaondoka. Niliifuta kwa nje, nikaweka sahihi.

"Mzee, nisamehe."

"Mimi sina boila ya kukulipukia," alisema. "Iandike upya."

Saa 1 usiku. Dohani nimeifunika ili baridi isiingie ghafla. Koni imetoka safi, nimeirudisha, nimekaza nati. Bila mvuke hakuna namna ya kujua kama itashika. Kwenye mstari mpya nimeandika: injekta ya kushoto, imesafishwa, haijajaribiwa. Nimeweka sahihi, nikaning'iniza kibao chekundu kwenye usukani wa breki, nikazima taa.