Mimi hapa, mwanangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi jioni nilikaa jikoni nikisikiliza ujumbe wa sauti wa kundi letu la maombi, dakika saba nzima, kuhusu mkesha. Binti yangu akaja akasimama mlangoni. "Baba." Nikainua kidole: subiri. "Baba." Subiri, mama. Mara ya tatu hakuita. Alisema tu, "Unafanya kama kule kwenye theluji," akaenda zake chumbani. Tangu usiku ule sijalala vizuri.

Ya kule sijawahi kuyasimulia. Machi mwaka jana, binti akiwa na miaka 13, tulikwenda Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, tupite sehemu ya Kungsleden, yaani Njia ya Mfalme. Kutoka Abisko hadi Nikkaluokta ni kama kilomita 105, na kipande hicho wengine hukiendea hija kwa kumkumbuka Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola mwaka 1961. Kuna mawe ya kutafakari njiani. Mimi nilipanga tusimame kuomba kwenye kila jiwe. Nilikuwa na daftari kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Machame. Theluji ya Kibo niliiona tangu utoto, nikiwa katikati ya migomba ya mama, nikadhani naijua. Binti amefundishwa skii shuleni, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Mimi siku ya kwanza nilianguka hadi nikaacha kuhesabu. Zile kilomita 15 hadi kibanda cha Abiskojaure tulicheka njia nzima.

Asubuhi mtunza kibanda akatuambia upepo utapanda mchana. Binti akanitafsiria neno kwa neno. Nikasema tutawahi. Njia ya majira ya baridi huwekewa nguzo zenye misalaba myekundu, imelazwa kama herufi X, na mimi nilipoiona nikaanza pambio. Misalaba hadi upeo wa macho! Nani atahangaika na utabiri wa hali ya hewa?

Tulipoiacha miti ya mwisho nyuma, upepo ukaja. Nguzo ya karibu naiona, inayofuata siioni. "Baba!" Wapendwa, nilisikia. Nisiseme upepo ulinizuia. Nilisikia mara tatu, na mara tatu nikajibu bila kugeuka, "Twende, tumekaribia," nami nikijua hatujakaribia. Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye theluji, glavu moja imepeperuka, ncha za vidole nyeupe kama nta ya mshumaa. Nikafungua jaketi, nikapandisha sweta, nikavibana vidole vyake kwapani mwangu. Vilikuwa kama vijiti. Damu iliporudi alilia kwa maumivu, uso wake kifuani kwangu. Tukageuza. Usiku ule, kibandani, nilimwambia apumzike. Akakataa, akatoka, akarudi na kuni amezikumbatia kwa mkono mmoja.

Kuni zile ndizo zilizonipeleka Mwanzo 22. Mnaijua sura hiyo. Ibrahimu anamtwika Isaka kuni, "wakaenda wote wawili pamoja." Lakini hesabuni pamoja nami. Mungu anaita, Ibrahimu anasema, "Mimi hapa." Malaika anaita kutoka mbinguni, "Mimi hapa." Na katikati, mstari wa 7, kijana anaita, "Babangu!" Naye anajibu, "Mimi hapa, mwanangu." Mzee yule amebeba moto na kisu, moyo umempasuka, anayo kila sababu ya kusema twende tu. Anasimama, anamjibu mtoto kwa neno lilelile alilomjibu Mungu. (Kwamba alikuwa anampeleka madhabahuni, hilo ni gumu, na leo sitajifanya nalimaliza.)

Sasa sisi wa ughaibuni. Shifti mbili, nyumba tunayojenga nyumbani, simu za ukoo, vikao vya kanisa. Jumapili tunapiga magoti, "Mimi hapa, Bwana, nitume mimi," machozi yanatoka. Mtoto akiita Jumatatu tunainua kidole. Tusimsingizie Bwana. Hakututuma tumpite mtoto mlangoni ili tukapange mkesha wa kuwaombea watoto! Ndugu yangu, dada yangu, mara ya tatu hawaiti tena. Wanajifunza Kiswahili chetu neno moja tu, "subiri", halafu tunashangaa hawataki kuongea nasi wakiwa na miaka 16. Mtoto akiita, weka simu chini. Mgeukie kwa mwili mzima, si kwa shingo. Kama chakula kitaungua, kiungue.

Jana niligonga mlango wake. Nikamwambia, mimi hapa, ulikuwa unataka kusema nini Alhamisi? Akasema ameshasahau. Labda ni kweli. Nikauliza kama naweza kukaa, akasogeza begi la shule, nikakaa.