Ranchu wangu kwenye beseni

Jumamosi nilikuwa nasafisha tanki, nikamtoa ranchu wangu, aina ya samaki wa dhahabu, nikamweka kwenye beseni jeupe pale barazani, halafu nilivyoinama kumwangalia jamani nikabaki nimeduwaa. Huyu samaki ninae mwaka mzima! Ukimwona kwa ubavuni kwenye kioo ni kafupi, kamepinda mgongo, pezi la mgongoni hana kabisa, kichwani vinundu vitupu. Ila kutoka juu ni kitu kingine, mgongo mpana, magamba yamepangana safi kama vigae vya paa, na mkia unajifungua na kujikunja kila anapojisukuma mbele.

Nikaingia kusoma usiku kucha, kumbe Wajapani walimtengeneza aangaliwe hivyo hivyo kwa juu. Samaki wa dhahabu, wao wanamwita kingyo, asili yake ni China, na inasemekana alifika Japani mwaka 1502 kupitia bandari ya Sakai. Enzi hizo matanki ya vioo yako wapi? Walikuwa wanafugwa kwenye vyungu, mapipa ya mbao na madimbwi, kwa hiyo mfugaji alikuwa anachagua mgongo na mkia, yaani kile anachokiona akiinama. Na ranchu mpaka leo kwenye mashindano anawekwa kwenye beseni, majaji wanasimama wakimwangalia kutoka juu.

Mwanzoni kufuga kingyo ilikuwa starehe ya matajiri, baadae wakaenea kwa watu wa kawaida. Pale Yamatokoriyama, mkoa wa Nara, wanasema samaki hao walifika 1724 na mtawala mmoja aitwae Yanagisawa Yoshisato alipohamishiwa huko, basi samurai wa vyeo vya chini ambao mshahara hautoshi wakawa wanafuga kama kazi ya pembeni. Mji huo unafuga hadi leo na kila mwaka una mashindano ya kuchota samaki kwa kijichoteo cha karatasi, ukizubaa tu karatasi inalowa inachanika.

Aina ziko nyingi, wakin mwenye umbo la kawaida, ryukin mwenye nundu, demekin mwenye macho yaliyotokeza, shubunkin wa madoadoa. Kuna oranda pia, jina maana yake Uholanzi ila samaki mwenyewe katoka China, ni vile tu kitu cha nje walikuwa wanakiita cha Kiholanzi, kama sisi tunavyosema kuku wa kizungu.

Ila alienishika moyo ni tosakin wa Kochi, huko huko Japani. Mkia wake haujagawanyika katikati, umetandaa kama upande wa kanga halafu ncha zake zinajikunja kuelekea mbele, na wanamlelea kwenye bakuli la duara lisilo na kina ili awe anazunguka taratibu mkia ukae sawa. Mwaka 1945 mji wa Kochi ukapigwa mabomu, 1946 likaja tetemeko kubwa na tsunami, watu wakajua tosakin ndo basi tena. Mtu mmoja, Tamura Hiroe, akatafuta mpaka akawakuta sita kwenye mgahawa mmoja, akawapata kwa kubadilishana na pombe ya viazi vitamu. Sita tu! Uzao ukarudi kutoka hapo, na 1969 mkoa ukamtangaza kuwa urithi wa asili unaolindwa.

Kuna upande unaoniuma lakini. Jike mmoja anaweza kutaga mayai maelfu, na mfugaji anapitia vifaranga mmoja mmoja akiwa na bakuli jeupe, mkia ukipinda kidogo ametolewa, wanaobaki ni wachache sana. Na jikin wa Aichi, mkoa mwingine wa Japani, yule mwili mweupe na mapezi mekundu, ile rangi inasaidiwa kwa kumkwangua magamba mekundu angali mdogo. Hapo mimi hapana, siwezi kukubali hata kama ni mila ya miaka mingi. Kuchagua naelewa maana bila hivyo ranchu asingekuwepo, ila kumkwangua samaki ili apendeze, hapana.

Mimi ranchu wangu sijamrudisha kwenye tanki. Nimenunua beseni pana zaidi, nimeweka pampu ya hewa na wavu juu kwa ajili ya paka, liko kivulini chini ya mwembe. Maji yameanza kuwa na ukijani kidogo, nayaacha. Asubuhi kabla ya kazi nachuchumaa pale na chai yangu, nae akiona kivuli changu anapanda juu kuomba chakula.