Siku moja maishani mwangu: mpima maji ya bahari, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri. Mvua imepiga usiku kucha, nami nawaza Msimbazi kabla hata ya chai. Mto huu unatoka huko milima ya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, na masika kama haya wapo wanaotapisha vyoo usiku ili mafuriko yabebe. Yanakoishia ndiko ninakokwenda.

Saa 12:30. Daraja la Selander, maji ya magoti. Ni bamvua, bahari inakupwa na mto unamwagika wote. Tunawahi kwa sababu jua likipanda linaua bakteria. Ukichota adhuhuri, maji yataonekana mazuri kuliko yalivyokuwa asubuhi. Chupa naishika kitakoni, naizamisha mdomo chini hadi kiwiko kilowe, ndipo naigeuza kuelekea mkondo na kuisukuma mbele ili isichote uchafu wa mkono wangu. Rangi ya leo: chai ya maziwa.

Saa 1:15. Coco Beach. Vijana wa mazoezi wameshajitosa. Mzee mmoja anavua kwa mshipi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya leo vipi?"

"Nitajua kesho."

Akacheka. "Basi kesho uje uniambie jana nilioga nini."

Saa 3. Maabara. Sampuli haitakiwi kupitisha saa sita tangu ichotwe, kwa hiyo boksi la barafu limepanda bodaboda, foleni tumewaachia wenye magari. Nachuja mililita 100 kwenye chujio la mikroni 0.45, vitundu vidogo ambavyo bakteria hawapiti. Maji ya Selander ni tope tupu, hayo nayapunguza kwanza, moja kwa kumi, kisha moja kwa mia. Kila chujio nalilaza kwenye kisahani cha kuoteshea bakteria, kisha inkubeta, kabati la joto, nyuzi 41, hadi kesho.

Saa 5. Nafungua visahani vya jana. Enterokoki, bakteria ninaowatafuta, wanaota kama vidoa vyenye duara la bluu pembeni, vizuri kwa macho ukisahau wametoka matumboni mwa watu na wanyama. Sahani ya Selander imejaa bluu, haihesabiki. Kisha nafungua ile ya maji safi, ambayo tunaizungusha siku nzima kama shahidi. Ina vidoa viwili.

Haikupaswa kuwa na hata kimoja. Kuna mahali mikono yetu imechafua, na siwezi kuapa ni chupa ipi. Kazi yote ya jana chini.

Saa 7. Wali na samaki. Ndiyo, ninakula. Akishaiva sina ugomvi naye.

Saa 8:30. Namwambia bosi tutoe tahadhari leo, watu wasioge siku mbili tatu. Mvua ya usiku kucha yatosha kuwa kipimo. Miji mingi hufanya hivyo bila kungoja sahani. Ananiuliza namba ziko wapi. Namba za jana nimezitupa, za leo zimo inkubeta. Anatikisa kichwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2003 anaujua kuliko mimi: zaidi ya sampuli 5 katika 100 zikivuka enterokoki 500 kwa mililita 100, ufukwe uko daraja la chini kabisa. Lakini mwongozo unahesabu sampuli, na mzee wa mshipi anauliza leo.

Saa 12 jioni. Narudi kupitia Coco. Maji bado yamejaa, yamerudia bluu yake, watoto wanarukia mawimbi na wauza mihogo wanapuliza mkaa. Mkobani nina chupa za kesho, safari hii nimezitakasa mwenyewe.