Siku moja maishani mwangu: TB ya tumbo pale emejensi

Saa 1 asubuhi napokea zamu, mwenzangu wa usiku anakabidhi wagonjwa huku anapiga miayo. Mpaka saa 4 ni ajali za bodaboda na presha, basi.

Saa 4 na nusu bajaji inaleta kijana, tumbo limejaa, mwili umeisha. Shangazi yake kashika rambo la vyeti na dawa: typhoid, typhoid tena, vidonda vya tumbo, minyoo, miezi inapita tu. Nauliza kama anapata homa za jioni na jasho usiku, shangazi anadakia, "Daktari, shuka kila asubuhi naanika!"

Tumbo linauma ila halijakakamaa, na eksirei ya kusimama haina hewa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, nikapumua, maana utumbo ukitoboka ni tiyeta moja kwa moja. Altrasaundi inaonesha maji na mitoki humo ndani. Navuta maji kwa sindano, yana unjano mwepesi, naagiza seli, protini, GeneXpert (mashine ya kusaka wadudu wa TB), na damu ya HIV baada ya yeye kuridhia.

Sasa kasheshe. "TB si ya kifua? Mwanangu hakohoi, mbona unamsingizia?" Shangazi namwelewesha, anampigia baba mdogo, namwelewesha na yeye kwenye simu, mara kaka mtu huyu hapa na helmeti mkononi, anataka apasuliwe leo leo hayo maji yatoke, kaka yangu maji tukiyatoa bila kutibu kinachoyaleta si yatajaa tena? Huku nyuma sista ananiita kwa mgonjwa wa pumu.

Mchana umeshaisha ndo majibu yanakuja: HIV hana, limfosaiti (chembe za kinga ambazo TB huzipandisha) nyingi, protini juu, seli za saratani hazijaonekana, GeneXpert hasi. Kaka mtu: "Si umeona? Hasi!" Haya, naanza upya, kwamba wadudu kwenye maji ya tumbo huwa wachache mno na mashine inawakosa mara nyingi, kwa hiyo hasi peke yake haiifuti TB. Tunashauriana na daktari wa wodi, alazwe aanze dawa mseto, miezi 2 dawa nne, miezi 4 dawa mbili, bure. Kusikia bure wote wakatulia kidogo.

Wakati anasukumwa wodini shangazi kanivuta pembeni, eti vyombo vyake watenge? Nikamwambia hapana shangazi, picha ya kifua iko safi na TB haiambukizi kwa sahani, kuleni naye. Akanitazama weee, "Basi na wewe daktari nenda kale, mikono inakutetemeka."

Kantini walishafunga.