Kichupa cha maji ya mgongo wa mpwa wangu

Nimefanya kazi maabara miaka 11 hapa Kisumu, na bado siku ile mikono ilinitetemeka.

Mpwa wangu ana miaka 9. Aliletwa kutoka Ahero akiwa na homa ya siku tatu. Kipimo cha malaria kilikuwa kimetoka hasi mara mbili, lakini nyumbani walishaamua kwamba malaria imempanda kichwani. Alinitazama akaniita kwa jina la mwalimu wake.

Daktari alishuku virusi vimeingia ubongoni, akataka maji ya mgongo, yale yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mama mkwe wa dada yangu akakataa katakata: mtoto wa jirani alidungwa mgongo, hakurudi nyumbani. Siwezi kumlaumu. Wengi hudungwa wakiwa wameshazidiwa, kisha sindano ndiyo hubebeshwa kifo. Nikamwambia, "Mama, sindano inaingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia." Alinyamaza kitambo. "Basi umshike mkono wewe."

Nikamshika.

Kwa nini damu pekee haitoshi? Kingamwili ni askari ambao mwili hutengeneza kupambana na vijidudu. Zile za IgM, za mwanzo kabisa, ni kubwa mno. Kwa kawaida hazipenyi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ukizikuta kwenye maji ya mgongo, mara nyingi zimetengenezwa humo humo, vita viko humo. Kwa virusi vya mbu kama West Nile, vilivyotambuliwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1937, kingamwili hizo mara nyingi huonekana ndani ya wiki ya kwanza. Virusi vya hepesi ni tofauti: kingamwili zake huchelewa, na siku za mwanzo tunategemea kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Sampuli ya kipimo hicho ilibidi isafirishwe Nairobi.

Jibu letu la kingamwili lilitoka hasi. Dada yangu akaanza kufunga nguo apate kurudi Ahero. Nilimsihi sana. Hasi ya siku ya nne haimaanishi hakuna ugonjwa, na asaiklovia, dawa ya kupambana na hepesi, ilikuwa imeanzishwa usiku ule ule bila kungoja majibu. Hepesi ya ubongo isipotibiwa huua takriban watu 7 kati ya 10.

Jibu la Nairobi likaja: hepesi. Maji yaliyotolewa tena siku ya kumi na nne yalikuwa na kingamwili zake tele.

Alimaliza siku 21 za dripu, kila baada ya saa nane. Maneno mengine bado yanampotea, hasa akichoka. Anayempeleka kliniki sasa ni bibi yake yule yule.