Mwaka wa pili wa grafiki, Kisumu
Wanaodhani diploma ya grafiki ni kucheza na kompyuta, karibuni Kisumu. Muhula wa kwanza mwalimu alitunyima hata kipanya: penseli, rula na herufi tu, tukichora "a" mpaka tumbo lake likae sawa. Nilinung'unika, wacha tu.

Sasa ni mambo ya uchapishaji. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Ndiyo maana ile kijani kali huwa imepoa ikifika kwenye karatasi, na mteja anakuja juu!

Mama mmoja muuza samaki pale soko la Kibuye anataka bango la kibanda. Lazima liwe na picha ya ngege, yaani samaki tilapia, na magamba yaonekane. Bei bado tunavutana.